Livingstone na Mgunda Mkali: msaada ulikuwa njiani



Najua nimepotea. Wiki tatu sijaandika kitu na baadhi yenu mmenitumia ujumbe kuuliza kama naumwa. Siumwi, namshukuru Mungu. Nilikuwa nimekata tamaa tu, na mtu aliyekata tamaa hana la kuandika.

Ngoja niseme ukweli, maana hapa sisi ni ndugu. Msimu uliopita nililima ekari sita za alizeti na mbili za uwele. Hela ya kulimia nilikopa kwenye taasisi moja ambayo sitaitaja, ni ile mikopo ambayo siku hizi watu wanaiita kausha damu. Mvua ilianza vizuri, tukashukuru. Mwezi wa pili ikakata. Kwa wale msiojua Manyoni, huku kwetu hakuna mvua za vuli na za masika. Msimu ni mmoja tu, ukikatika umekatika. Alizeti ikasinyaa ikiwa bado haijajaza punje. Na marejesho bwana hayajui mvua. Mbuzi waliondoka kwanza, halafu pikipiki. Kijana wangu wa kidato cha nne akarudishwa nyumbani.

Sasa mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa mwombaji. Hata siku tuliyolala na uji wa mtama usio na chumvi alitukusanya kwenye mkeka tukamshukuru Mungu kwanza. Nilidhani imani ile nimeirithi. Kumbe nilirithi mazoea. Siku ile pikipiki ilipopakiwa kwenye gari nilijaribu kuomba usiku, maneno hayakutoka. Nikawa nauliza swali moja tu: hivi huyu Mungu anayeongoza watu, mimi ananiongoza kwenda wapi?

Katika kutafuta cha kuuza (ndiyo, nilifika hapo) nikafungua sanduku la vitabu la marehemu baba. Humo nikakuta kitabu kichakavu cha historia, kimeliwa na mchwa pembeni, kinaeleza habari za Dokta David Livingstone. Nikakisoma usiku kucha kwa tochi ya simu. Baadaye nikatafuta na habari nyingine zake. Leo nataka niwasimulie mtu huyu kwa namna ambayo shuleni hatukusimuliwa, maana shuleni tuliambiwa aligundua hiki na kile, tukakariri, tukafanya mtihani, basi.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, huko Scotland. Familia yao ilikuwa ya walalahoi hasa. Wazazi na watoto waliishi chumba kimoja katika nyumba za kiwanda cha pamba. Akiwa na miaka 10 alipelekwa kufanya kazi kiwandani, akiunga nyuzi zinazokatika kwenye mashine, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku. Saa 14 kwa siku, mtoto wa miaka 10! Usiku akitoka hapo alikwenda darasani. Kitabu alikiegemeza kwenye mashine akawa anasoma mstari mmoja mmoja anapopita. Kwa njia hiyo alifika chuo huko Glasgow akasomea udaktari na neno la Mungu. Mwishoni mwa 1840 alipanda meli kuja kusini mwa Afrika kama mmisionari.

Kama ni mafanikio ya kimisionari, wadau, mtu huyu hakuwa nayo. Anayehesabiwa kuwa muumini wake alikuwa chifu mmoja, Sechele wa Wakwena, aliyebatizwa mwaka 1848. Baada ya muda mfupi chifu akarudiana na mmoja wa wake aliokuwa amewaacha, Livingstone akamsimamisha kushiriki meza ya Bwana. Kabla ya hapo, mwaka 1844, simba alimrukia akamvunja mfupa wa mkono wa kushoto juu ya kiwiko. Mkono ule haukupona sawasawa mpaka anakufa. Ukumbuke mkono huo, nitaurudia.

Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa wamisionari. Katika kuzungukazunguka jangwani na watoto walimzika mtoto wao mchanga. Baadaye mke na watoto akawarudisha Uingereza, wakaishi kwa shida na kwa kutegemea watu wakati yeye anakata bara kutoka Linyanti katikati ya Afrika kwenda Luanda upande wa magharibi, kisha kurudi mpaka Quelimane upande wa mashariki. Alimaliza safari hiyo mwaka 1856. Simwonei haya kulisema hili: kama baba wa familia alikosea, na mwenyewe baadaye alijuta kwamba hakucheza na wanawe vya kutosha.

Lakini katika safari hiyo kuna usiku mmoja ambao ndio ulionifanya nikae sawa kitandani. Ilikuwa Januari 1856, pale mto Luangwa unapoingia Zambezi. Upande ule watu walikuwa wameumizwa na Wareno wafanya biashara ya watumwa, kwa hiyo mtu yeyote mwenye rangi kama yake walimwona adui. Watu wa chifu Mburuma wakakusanyika wakiwa na silaha. Jioni ile dalili zote zilionyesha kwamba asubuhi kutakuwa na vita na yeye atauawa, na vipimo vyake vyote na ramani alizochora miaka kadhaa vitapotea. Wazo la kwanza lililomjia ni lile lile ambalo mimi na wewe lingetujia: tuvuke usiku, kimya kimya, tutoroke.

Akafungua Injili ya Mathayo pale mwishoni, kwenye ile ahadi ya Yesu ya kuwa pamoja na wanafunzi wake siku zote. Akaitafakari kama mtu anayesoma mkataba, akiangalia nani ametia sahihi. Akaamua aliyeahidi ni mtu wa heshima na hasemi uongo, kwa hiyo suala limekwisha. Hakuvuka usiku. Asubuhi wakapewa mtumbwi mmoja tu, watu wake wakaanza kuvuka kwa zamu huku wenye silaha wamesimama. Yeye akabaki wa mwisho, akiwaonyesha wenyeji saa yake ya mfukoni na kioo cha kuwashia moto kwa jua. Walipokwisha wote akawashukuru wenyeji, akawatakia amani, akapanda mtumbwi. Hakuna aliyerusha mkuki.

Hapo ningeishia, mngesema amina tukaenda kulala. Shida ni kwamba maisha yake hayakuishia hapo, na yaliyofuata hayafanani na ushuhuda wa Jumapili.

Aliporudi Uingereza alipokelewa kama shujaa. Serikali ikampa msafara mkubwa wa Zambezi, mwaka 1858 mpaka 1864. Ulishindikana karibu kila upande. Maporomoko ya Kebrabasa yakaziba njia ya meli aliyoisifia. Wamisionari waliomfuata kule walikufa kwa homa. Mary alimfuata, naye akafa kwa homa pale Shupanga, kando ya Zambezi, tarehe 27 Aprili 1862. Mtu yule aliyesimama mbele ya mikuki alilia kama mtoto, na kwa mara ya kwanza akatamani kufa. Mwaka 1864 mwanawe mkubwa Robert, aliyekuwa amejiunga na vita ya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, akafa akiwa mfungwa. Magazeti yaliyomsifu yakamgeuka.

Mwaka 1866 akarudi mara ya mwisho, akapitia Zanzibar na kuingia bara kupitia mto Ruvuma. Alikuwa na mambo mawili kichwani: kutafuta chanzo cha mto Nile, na kuionyesha dunia ubaya wa biashara ya watumwa. Watu wake wengi wakamkimbia. Waliotoka visiwa vya Komoro walipofika pwani wakatangaza kwamba ameuawa. Januari 1867 mmoja wa waliotoroka akaondoka na kisanduku cha dawa, kwinini yote ikiwemo. Daktari porini bila dawa! Mwenyewe alijua hiyo ni kama hukumu ya kifo, na kweli tangu hapo mwili wake haukukaa sawa tena.

Halafu kuna jambo ambalo sisi Wakristo huwa tunaliruka tunapomsimulia. Aliyemwuguza alipokuwa hajiwezi, akambeba mpaka ziwa Tanganyika, alikuwa Mohamed Bogharib, mfanyabiashara Mwarabu wa pembe na watumwa. Yule yule aliyekuja kupinga biashara ile akawa anakula na kupona kwa mkono wa wafanyabiashara hao. Jambo hilo lilimtesa moyoni. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na mimi sitalipaka rangi.

Alifika Ujiji Machi 1869 akitegemea kukuta shehena yake kutoka pwani. Nyingi ilikuwa imeibwa njiani. Akaenda Manyema, huko ambako leo ni mashariki ya Kongo, akakaa miezi mingi hawezi kutembea kwa vidonda vya miguu. Katika kukaa huko aliisoma Biblia yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho mara nne. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, kwenye soko kando ya mto Lualaba, watu wa wafanyabiashara walipoanza kuwapiga risasi akina mama waliokuja kuuza samaki na mihogo. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Yeye alisimama anaona na hana la kufanya. Akageuka kurudi Ujiji, safari ya mamia ya kilomita, amekonda, anaharisha damu. Alipofika Oktoba akakuta shehena nyingine iliyotumwa imeuzwa yote na mtu aliyekabidhiwa. Hata kitambaa cha kununulia chakula hakikubaki.

Jamani, hapo ndipo nilipokifunga kitabu nikatoka nje kuangalia nyota. Maana nilijiona. Si kwa ukubwa, hapana, mimi si Livingstone. Nilijiona kwa lile la kufika mahali ulipoambiwa kuna msaada wako, ukakuta pamefagiwa.

Siku chache baadaye, Novemba 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley akaingia Ujiji akiwa na bendera ya Marekani, dawa, chakula na barua. Gazeti moja la New York lilikuwa limemtuma kumtafuta. Maamkizi yao yanajulikana dunia nzima, siyarudii. Ninachotaka mkione ni hiki: siku Livingstone anaingia Ujiji na kukuta ameibiwa, Stanley alikuwa tayari yuko njiani miezi mingi. Alikuwa ameshavuka Ugogo, na alikuwa ameshavuka Mgunda Mkali.

Sasa hapa ndipo Singida inapoingia, na hapa ndipo nilipopigwa na butwaa.

Mgunda Mkali ni hapa kwetu. Ndilo pori lililoanzia mwisho wa Ugogo mpaka karibu na Tura huko Unyamwezi, yaani sehemu kubwa ya Manyoni na Itigi ya leo. Misafara ya pwani ililiogopa kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya njia. Maji shida, vichaka vya miiba vilivyofungamana, chakula hakuna kwa siku kadhaa za mwendo. Mpagazi aliyebaki nyuma na mzigo wake kichwani, mara nyingi ndio ulikuwa mwisho wake. Mdaburu yetu imo katika vitabu vya wasafiri wa zamani hizo. Kilimatinde ilikuwa kituo cha misafara, baadaye Wajerumani wakaweka boma, na mwaka 2006 Tanzania iliiorodhesha pamoja na Bagamoyo, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji katika maeneo ya njia ya watumwa na pembe yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Mimi nimezaliwa hapa, nimechunga mbuzi hapa, nimekata kuni kwenye vichaka hivyo vya Itigi. Sikuwahi kuambiwa.

Stanley alimsihi warudi wote Uingereza. Livingstone akakataa, kazi haijaisha. Februari 1872 wakafika Kwihara, karibu na Tabora. Tarehe 14 Machi Stanley akaondoka kwenda pwani, akiahidi kumtumia wapagazi waaminifu. Siku tano baadaye mzee akatimiza miaka 59, akajiweka wakfu upya kwa Mungu. Kisha akaanza kusubiri. Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai. Alihesabu siku. Alipiga hesabu mwendo wa Stanley mpaka pwani, na wa wapagazi kurudi, akakosea, akahesabu tena. Mwili unaisha na msimu wa kiangazi unapita. Kutoka Kwihara huwezi kuona Mgunda Mkali. Huwezi kujua kama kuna mtu anatembea humo.

Walikuwemo. Watu 57 waliokuwa wameajiriwa pwani walikuwa wanakata pori hili letu na mizigo kichwani. Miongoni mwao alikuwemo Jacob Wainwright, kijana Myao aliyewahi kuwa mtumwa, akakombolewa na meli ya Waingereza, akasomeshwa Nasik huko India. Tarehe 14 Agosti 1872 wakaingia. Miezi mitano kamili tangu Stanley aondoke.

Tarehe 25 Agosti wakaondoka kwenda kusini. Na sasa nitasema lililo gumu. Kama mnadhani aliyeongozwa na Mungu hapotei njia, Livingstone alipotea. Aliamini Lualaba ndio mwanzo wa Nile. Sio. Lualaba ni Kongo, kama Stanley alivyokuja kuthibitisha miaka michache baadaye. Alitembea kwenye mabwawa ya Bangweulu, mvua usiku na mchana, kwa ajili ya chanzo ambacho hakikuwepo kule. Hakuna sauti iliyotoka mbinguni kumwambia mzee geuka, umekosea ramani. Mwishoni alishindwa hata kupanda punda, vijana wakambeba kwa machela. Wakamfikisha kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Alfajiri moja mwanzoni mwa Mei 1873, tarehe inayotajwa zaidi ni 1 Mei, wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, uso umelala mikononi juu ya mto, kama mtu anayeomba. Alikuwa amekwisha kufa.

Hakuona Nile. Hakuona watumwa wakiachwa huru. Kwa macho ya binadamu alikufa ameshindwa.

Lakini wale vijana. Abdullah Susi na James Chuma walikuwa naye miaka yote, Chuma mwenyewe akiwa mtoto aliyekombolewa kutoka kwenye mnyororo wa watumwa. Wangeweza kumzika wakagawana mali wakaenda zao, nani angewauliza? Wakakaa kikao wakaamua arudishwe kwa watu wake. Moyo wake na viungo vya ndani wakavizika chini ya mti wa mpundu. Jacob Wainwright akasoma ibada na kuchonga jina kwenye gome. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakauviringisha kwa kitambaa na gome la mti na turubai. Kisha wakaanza kutembea, zaidi ya kilomita 1,500. Wengine waliugua na baadhi walikufa njiani.

Oktoba wakafika Tabora, wakamkuta Mwingereza Cameron aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Naye akawashauri, kwa nia njema tu, wamzike pale pale. Wakakataa. Walipofika Kasekera wenyeji wakapinga maiti kupita. Wakabuni ujanja: wakafunga mzigo wa mabua uonekane ni maiti, wakajifanya wanaurudisha Tabora kuzika. Maiti yenyewe wakaifunga kama robota la nguo. Na kwa namna hiyo, mwishoni mwa 1873, Livingstone akavuka Mgunda Mkali. Sisi watu wa huku hatukumwona akiwa hai. Alipita akiwa amefungwa kama bidhaa kwenye mabega ya watu, wengi wao waliowahi kuwa bidhaa wenyewe.

Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Uingereza walimtambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, ule wa simba. Tarehe 18 Aprili 1874 akazikwa katika kanisa la Westminster, na Jacob Wainwright alikuwa mmoja wa walioshika jeneza. Wapagazi wengine wengi walilipwa mshahara pwani wakaambiwa kwaherini, bila hata asante ya maana. Medali zilitengenezwa baadaye, lakini wengi wakawa wameshatawanyika. Jacob mwenyewe alirudi huku, akafia Urambo mwaka 1892. Hili linaniuma mpaka leo.

Sasa sikilizeni tarehe hizi. Livingstone alikufa mwanzoni mwa Mei 1873. Tarehe 5 Juni 1873, kama wiki tano tu baadaye, Sultani Barghash wa Zanzibar akatia sahihi mkataba wa kuzuia watumwa kusafirishwa baharini na kufunga soko la watumwa. Shinikizo la mkataba ule lilitokana kwa sehemu na habari za Livingstone, ikiwemo ile ya Nyangwe, ambazo Stanley alizipeleka. Barua alizoandika akiwa hana kitu ndizo zilizofanya kazi. Siku ya Krismasi 1873 pakawekwa jiwe la msingi la kanisa la Anglikana pale pale sokoni Zanzibar, huku maiti yake bado ikiwa njiani bara. Leo ukiingia kanisa hilo utaonyeshwa msalaba uliotengenezwa kwa mti wa kule Chitambo.

Najua wapo mtakaosema kwamba huyu ndiye aliyewafungulia wakoloni mlango. Sibishi. Ramani zake zilitumika, na boma la Kilimatinde halikujijenga. Na biashara ya watumwa haikuisha siku moja kwa sahihi ya Sultani, bara iliendelea miaka mingi. Mseme kwenye maoni, tutajadiliana. Lakini leo sikumleta kama shujaa wa wazungu. Nimemleta kama mtu aliyemtegemea Mungu na bado akaibiwa, akafiwa, akapotea njia.

Nimejifunza nini? Nilikuwa nadhani uaminifu wa Mungu ni kama marejesho: tarehe ikifika, hela ipo. Kwa Livingstone haikuwa hivyo. Mara moja, pale Luangwa, jibu lilikuja asubuhi. Pale Kwihara lilichukua miezi mitano, na muda wote lilikuwa linatembea kwa miguu mahali asipopaona. Lile kubwa kuliko yote lilikuja yeye akiwa ameshakufa. Na kila mara lilibebwa na watu, si malaika. Watu wenye vidonda miguuni, wengine hata majina yao hatuyajui.

Deni langu bado lipo, msidhani mwisho wa habari hii nitawaambia limelipwa. Ila yametokea mawili. La kwanza, nilimwambia mwalimu mkuu ukweli wote badala ya kujificha, kijana amerudi darasani na nitalipa kidogo kidogo. La pili, jirani yangu ambaye naye mvua ilimkata aliniletea debe la mbegu ya mtama mfupi, ule unaokomaa haraka. Alikuwa amelibeba begani kutoka upande wa pili wa kijiji, kwenye vichaka vile vile. Nilipomwona anakuja na mzigo nilicheka peke yangu, yeye akadhani nimechanganyikiwa.

Usiku huo niliweza kuomba. Kwa kifupi sana, lakini niliomba.

Ombi langu kwenu: kama kuna mzee wenu huko Kilimatinde, Mdaburu, Itigi au Aghondi ambaye babu yake aliwahi kumwonyesha njia ya misafara ilipopita, andikeni hapa chini. Nataka siku moja nimpeleke kijana wangu tukaikanyage kwa miguu. Mungu awe nanyi, na mvua zinyeshe.